Pawa stesheni: hilo boksi la umeme litakufikisha saa ngapi?

Alfajiri moja kambini niliamka kabla ya wenzangu, nikatupa jicho kwenye kioo cha pawa stesheni yetu. Tulipolala ilisoma asilimia 90, sasa inasoma 64. Usiku kucha kilichochomekwa pale ni chaja ya simu moja tu, na simu yenyewe betri yake kuanzia sifuri mpaka kujaa haifiki wati-saa 20. Boksi letu ni la wati-saa 512, kwa hiyo asilimia 26 ni kama wati-saa 133, yaani zaidi ya wati-saa 100 zimeondoka na hamna taa iliyowaka wala feni iliyozunguka. Nikachutama pale gizani nikiitazama, ndo nikaona kitaa cha kijani kwenye kitufe kilichoandikwa AC. Kimewaka. Ukisogeza sikio unasikia kamlio kembamba kama ka mbu aliye mbali.

Ule mlio ni inveta, na ntaurudia hapo chini, ila nimeanza nao kwa sababu unaonesha tatizo lote la hivi vifaa. Tunaangalia namba kubwa iliyoandikwa kwenye kasha tunaona imetosha, halafu usiku wenyewe unapofika umeme unaisha watu bado wako macho na mtu anabaki analaumu boksi. Mara nyingi boksi halina kosa. Hesabu ndo ilianzia upande sio, mtu kaanza na boksi badala ya kuanza na usiku anaoenda kuulala.

Kwa asiyeijua, pawa stesheni ni kaka mkubwa wa pawa benki. Ndani kuna betri ya lithiamu, kuna inveta inayogeuza umeme wa betri (DC) uwe kama ule wa ukutani (AC), kuna chaja, na kuna saketi ya ulinzi inayochunga joto, volti na chaji ili betri isijiumize, vyote vimefungwa kwenye boksi moja lenye mshikio. Unapata soketi za kawaida, USB, na tundu la volti 12 kama lile la kwenye gari. Haina mafuta wala moshi, ndo maana unaweza kuiweka chumbani watoto wamelala. Jenereta hata siku moja usifanye hivyo, moshi wake una kaboni monoksaidi, gesi isiyo na harufu wala rangi inayoua watu usingizini, jenereta inakaa nje, kama mita 6 mbali na milango na madirisha. Lakini jenereta nayo ina lake: ikiisha mafuta unamimina mengine dakika 2 inaendelea, boksi likiisha unasubiri jua au umeme urudi. Kwa hiyo usichukulie moja ni la kisasa na lingine limepitwa, kila kimoja kina kazi yake.

W na Wh, hapa ndo wengi wanapotea

Chukua tangi la maji lenye koki. Wati-saa, Wh, ni ukubwa wa tangi, yaani umeme mwingi kiasi gani umehifadhiwa. Wati, W, ni unene wa koki, yaani kwa wakati mmoja unaweza kutoa umeme mwingi kiasi gani. Tangi linaweza kuwa kubwa koki ikawa nyembamba, na tangi dogo likafungwa koki nene ambayo inalimaliza kwa dakika chache. Ukisikia mtu anasema "nina boksi la 1000" muulize kwanza, elfu moja ya nini? Wati 1,000 au wati-saa 1,000? Anaweza kuwa na boksi linalotoa wati 1,000 lakini limehifadhi Wh 500 tu, na akilikamua kwa nguvu zake zote halimalizi hata nusu saa.

Kama unajua yuniti za umeme zile za kwenye mita basi umeshafika, yuniti moja ni Wh 1,000. Boksi la Wh 500 ni nusu yuniti. Ukishaiona hivo unaacha kulidai miujiza, maana unajua mwenyewe nyumbani kwako yuniti moja inakwenda haraka kiasi gani.

Halafu kuna mtego wa mAh, yaani miliampea-saa. Kasha limeandikwa 140,000mAh kwa herufi kubwa na mtu anaona ni bahari ya umeme. mAh bila volti haikwambii kitu. Zidisha mAh kwa volti za seli moja, gawa kwa 1,000, ndo unapata Wh. Hizo 140,000 kwa seli za volti 3.7 ni Wh 518. Kwa seli za volti 3.2 ni Wh 448. Namba ile ile ya mAh, matangi mawili tofauti. We tafuta Wh, na kama muuzaji hazitaji hata kwenye kibandiko cha nyuma mimi hilo boksi siligusi.

Namba ya tatu ni ile ya mshtuko wa kuwasha. Kitu chochote chenye mota au kompresa, kama friji, pampu, msumeno, kinapoanza kinavuta umeme mara kadhaa ya ule kinaotumia kikishatulia, kwa muda usiofika hata sekunde. Friji linalotumia wati 120 linaweza kudai 500 au zaidi pale linaposhtuka. Ndo maana kasha linakuwa na wati mbili, za kudumu na za mshtuko, na matangazo mengine yanaipamba ile kubwa. Unaponunua angalia ya kudumu, ile ya mshtuko ni ya kukuvusha tu pale mwanzoni.

Na inveta iwe ya wimbi safi, mafundi wanaita pyua saini. Zile za bei ya chini zinatoa umeme wa ngazi-ngazi, taa itawaka sawa, ila mota zinapata joto na kuguna, na vifaa vyenye elektroniki nyeti vinaweza kukataa kabisa. Boksi nyingi za sasa ni wimbi safi, ila soma ujiridhishe.

Zile wati-saa 100 zilienda wapi

Inveta ikiwashwa inakula yenyewe, hata kama hujachomeka kitu. Kati ya wati 5 na 20 kutegemea ukubwa na ubora wake. Yetu chukulia inakula 12, mara saa 9 za usingizi, ni Wh 108. Ongeza simu na umeme unaopotea njiani, unafika pale pale kwenye 133. Kumbe simu ilitumia kidogo mno, kitufe cha AC ndo kilikunywa kama moja ya tano ya tangi.

Na kuna kitu kingine ukikitafakari kinauma. Simu inataka DC. Betri ya boksi ni DC. Ila ukichomeka chaja ya kawaida kwenye soketi, umeme unatoka betri kama DC, inveta inaugeuza AC, halafu kile kichwa cha chaja kinaugeuza tena kuwa DC, na kila kona ukipita kuna kiasi kinachogeuka joto. Simu ile ile ukiichomeka moja kwa moja kwenye USB ya boksi, inveta unaizima kabisa. Laptopu nyingi siku hizi zinachaji kwa USB-C, na tundu la USB-C la wati 60 au 100 linatosha kabisa. Ruta ya intaneti nyingi ni za volti 12, angalia maandishi kwenye adapta yake, ukipata waya wa volti 12 unaofanana kichwa na wenye ncha chanya na hasi sawa, unaweza kuipa umeme usiku kucha bila kugusa AC. Taa za kambi, feni ndogo, friji la gari, vyote vina matoleo ya volti 12 au USB. Toka siku ile sheria ya hema letu ni kwamba kabla ya kulala mtu anahakikisha kitufe cha AC kimezimwa, na mwenye zamu anakitaja kwa sauti.

Kwa hiyo unapopiga hesabu za vitu vya AC, usihesabu Wh zote za kasha. Chukua kama asilimia 85. Boksi la 1,000 lichukulie ni 850.

Sasa tupige hesabu ya usiku mmoja

Umeme umekatika saa 2 usiku na hujui utarudi lini. Una ruta ya wati 10 unataka iende saa 10, hiyo ni Wh 100. Balbu 3 za LED za wati 7, saa 4, ni Wh 84. Simu 2, Wh 40. Feni ya wati 45 saa 8, Wh 360. Jumla 584, gawa kwa 0.85 unapata kama 690. Kwa hiyo boksi la 500 halikufikishi asubuhi na la 1,000 linakufikisha na akiba juu. Ila angalia tena ile orodha: ukitoa feni unabaki na Wh 224, ukigawa ni kama 264, na ghafla boksi dogo la Wh 300 linaweza, mradi ruta na simu ziwe kwenye volti 12 na USB na AC uizime taa zikizimwa. Feni peke yake ndo inaamua ununue boksi la ukubwa gani. Kila nyumba ina kitu kimoja cha namna hiyo, na ukikijua umemaliza nusu ya kazi.

Wati za kifaa unazipata kwenye kibandiko chake, ila zile ni za juu kabisa, matumizi ya kweli mara nyingi yako chini. Kioo cha boksi kitakuonesha zinazotoka muda huo huo. Kile kinachoandika "saa zilizobaki" usikiamini sana, kinapiga hesabu kwa matumizi ya dakika ile, friji likizima kwa muda kinakwambia saa 90, likiwaka kinakwambia 6.

Halafu kuna vifaa vya joto. Pasi, jagi la umeme, drayeri ya nywele, jiko, hita. Hivi ni adui wa betri na hakuna ujanja. Kuchemsha lita 1 ya maji kutoka nyuzi 20 mpaka 100 kunahitaji Wh 93 hata ungekuwa na kifaa kisichopoteza chochote, hiyo ni fizikia na haina punguzo. Weka na upotevu wa jagi na inveta unafika kama 120. Boksi la 500 limejaa kabisa litakuchemshia lita 4 tu halafu uko gizani. Wengine wanakimbilia jagi dogo la wati 300 wakidhani wameokoa umeme, hapana, umeokoa koki tu, inveta ndogo haitazima, lakini maji yatachukua muda mrefu zaidi na Wh ni zile zile au zaidi kwa sababu joto linapotea njiani. Kambini kupika ni kazi ya gesi au moto wa nje. Nje, sio ndani ya hema, ile kaboni monoksaidi ya jenereta inatoka pia kwenye jiko la gesi na la mkaa.

Friji

Friji la nyumbani haliwaki muda wote, kompresa inawaka inazima. La wati 120 linalowaka theluthi ya muda lina wastani wa wati 40, karibu yuniti moja kwa siku. Inveta nayo inabaki macho saa zote 24 ikisubiri kompresa ishtuke, na wati zake 10 zinahesabika. Ukijumlisha, boksi la 1,000 linakupa kama saa 17. Sio mbaya, ila pengine hata hulihitaji mapema hivyo. Friji lililofungwa bila kufunguliwa linabaki na ubaridi wa kutosha kama saa 4. Friza iliyojaa inashika mpaka saa 48, iliyojaa nusu saa 24. Kwa hiyo umeme ukikatika usikimbilie kuchomeka friji dakika ile ile, funga mlango, waambie watu wa nyumbani wasifungue, na umeme wa boksi uanze kuutumia baada ya hapo. Kuna dawa zinazotaka baridi, kama insulini, hizo ukiwa nazo ndani ya nyumba hesabu inabadilika, zinakuwa namba moja.

Kambini friji la kompresa la volti 12 ni kitu kingine kabisa. Linatumia wati 40 mpaka 60 likiwaka, wastani wake kwa siku unashuka chini sana likiwa kivulini na ukianza na vitu vilivyokwishapozwa nyumbani. Kukipoza kitu cha moto ndo gharama, kukilinda kisipate moto ni nafuu.

Mashine za wagonjwa, hapa naomba usome taratibu

Rafiki yangu alinunua boksi la Wh 500 kwa ajili ya baba yake anayetumia mashine ya kutengeneza oksijeni. Alikuwa na amani kabisa moyoni. Nikamuomba tusome kibandiko cha mashine pamoja, inatumia kama wati 320, muda wote, haipumziki. Tukapiga: 500 mara 0.85, gawa kwa 320. Saa moja na dakika 20. Alinyamaza muda mrefu. Yeye alikuwa amepanga usiku mzima.

Mashine za oksijeni za lita 5 kwa dakika nyingi zinacheza kwenye wati 300 hivi, kwa hiyo hata boksi la 1,000 halifiki saa 3. Boksi hapo ni daraja, la kukuvusha mpaka mtungi wa akiba au mpaka mgonjwa apelekwe mahali penye umeme, na huo mpango unatakiwa uongee na daktari au aliyekupa mashine kabla, sio siku yenyewe.

Mashine ya kusaidia kupumua usingizini, CPAP, ni nafuu zaidi. Bila joto nyingi ziko kama wati 30, saa 8 ni Wh 240. Ila kile kitangi cha kupasha maji na bomba lenye joto vinaweza kupandisha matumizi mara mbili au zaidi. Ukiwa unaweza kulala bila hivyo, zima, na tafuta waya wa DC wa mashine yako ili inveta isikae macho. Lijaribu usiku ambao umeme upo.

Boksi na umeme wa nyumba

Boksi nyingi zinakubali kukaa katikati, boksi limechomekwa ukutani na kifaa kimechomekwa kwenye boksi. Umeme ukikatika linachukua zamu lenyewe, kwa milisekunde 10 mpaka 30 hivi. Ruta haitagundua, laptopu ina betri yake, kompyuta ya mezani nyingi zinavumilia ila ikiwa 30 sikupi uhakika. Soma milisekunde ngapi kabla hujaweka hapo kitu ambacho hakitakiwi kuzima hata kidogo.

Kuna kitu kimoja watu wanakifanya na mimi nakiogopa mno. Mtu anatengeneza waya wenye plagi ya kiume pande zote mbili, upande mmoja kwenye boksi au jenereta, mwingine kwenye soketi ya ukutani, ili nyumba nzima iwake. Usifanye. Kwanza ukichomoa upande mmoja zile pini zilizo wazi zina umeme, akizigusa mtoto ndo basi. Pili umeme unaweza kutoka kwako urudi kwenye nguzo, ukifika kwenye transfoma unapandishwa kuwa maelfu ya volti, na huko juu kuna fundi anayeamini laini imekufa kwa sababu amezima mwenyewe. Na umeme wa kawaida ukirudi ghafla vinagongana na inveta yako inaungua. Ukitaka kuingiza boksi kwenye waya za nyumba, fundi umeme akufungie swichi ya kubadilishia, ile ambayo haiwezi kuunganisha vyanzo viwili kwa pamoja. La sivyo tumia ekstensheni, nene, isiyokunjwa ikafunikwa na zulia.

Jua

Paneli ya wati 100 ilipimwa maabara, mwanga wa wati 1,000 kwa mita moja ya mraba na seli zikiwa nyuzi 25. Juani seli zinafika 50 na kupita, na paneli ikipata joto inapunguza nguvu, kila nyuzi moja inakula kama asilimia 0.3 mpaka 0.4. Weka vumbi, weka pembe isiyo sawa, weka wingu, unaishia kuona 60 mpaka 80 kwenye kioo saa za jua kali. Kwa siku nzuri hesabu Wh 300 kwa paneli hiyo moja. Boksi la 1,000 litataka zaidi ya siku 3. Ukitaka lijae ndani ya siku, fikiria wati 300 na zaidi.

Kivuli kinaumiza kuliko ukubwa wake. Tawi moja jembamba likikatiza juu ya paneli, seli zilizofunikwa zinabana mkondo wa zile nyingine kwenye msitari mmoja, na unashangaa kivuli cha kiganja kimeondoa nusu ya umeme. Isogeze paneli kila baada ya saa moja au mbili kulifuata jua. Ukiiweka nyuma ya kioo cha dirisha pia unapoteza nyingi. Boksi lenyewe likae kivulini penye hewa, maana watu wanaweka paneli na boksi vyote juani, boksi linapata joto, ulinzi unakata chaji, halafu wanasema paneli mbovu.

Kitu cha kuua boksi ni volti. Paneli mbili ukiziunganisha kwa mfululizo volti zinajumlishwa, ukiziunganisha sambamba ni ampea zinazojumlishwa. Paneli nyingi za wati 100 zina kama volti 22 zikiwa wazi, yaani hazijachomekwa kwenye kitu, imeandikwa Voc kwa nyuma. Mbili kwa mfululizo ni 44. Boksi likiwa mwisho wake volti 30, umeliua, na hiyo haina ukarabati rahisi. Acha na nafasi, kwa sababu asubuhi ya baridi volti zinapanda juu ya zile zilizoandikwa. Ampea zikizidi boksi linachukua linachoweza tu, volti zikizidi linaungua.

Gari nalo linachaji, ila tundu la volti 12 lenye fyuzi ya ampea 10 ni wati 120, boksi la 1,000 ni safari ya saa 9 na injini inawaka. Injini ikiwa imezimwa unanyonya betri ya gari, na asubuhi gari haliwaki mko porini.

Betri ya ndani

Utakutana na aina mbili. NMC, ya nikeli na manganizi na kobalti, ni nyepesi, inavumilia kama mizunguko 500 mpaka 800 ya kujaza na kumaliza kabla uwezo haujashuka mpaka asilimia 80. LFP, kwenye kasha utaona LiFePO4, lithiamu na chuma na fosfeti, ni nzito zaidi ila inakwenda mizunguko 3,000 au zaidi, ukiijaza na kuimaliza kila siku ni miaka 8, na inavumilia joto zaidi kabla ya kuwaka. Sony ilipoanza kuuza betri za lithiamu ioni mwaka 1991 ilitumia kobalti, na LFP ilitangazwa 1997 na timu ya John Goodenough, Chuo Kikuu cha Texas, mzee ambaye mwaka 2019 alipata Nobel ya kemia pamoja na Stanley Whittingham na Akira Yoshino akiwa na miaka 97, hakuna aliyewahi kuipata akiwa na umri mkubwa kuliko huo. Kwa boksi la dharura nyumbani mimi nachukua LFP bila kufikiri mara mbili. Kwa kambi ya kutembea na mzigo mgongoni, pima, boksi la 1,000 la LFP ni kilo 11 mpaka 16, la 250 ni kama kilo 3 na nusu mpaka 4, na hilo dogo linatosha kwa simu na taa za siku 2 au 3. Kwa ndege sahau, betri mpaka Wh 100 unaruhusiwa kuingia nayo mkononi, 100 mpaka 160 kwa idhini ya shirika, zaidi ya hapo hazipandi ndege ya abiria.

Usichaji chini ya nyuzi sifuri, lithiamu inaganda kama utando juu ya ncha hasi na madhara hayarudi nyuma, boksi nzuri zinakataa zenyewe. Kutumia kwenye baridi ni sawa, ila tangi litaonekana limepungua. Joto linazeesha taratibu, usiliache kwenye gari lililofungwa juani. Matundu ya feni yasifunikwe. Nyingi hazivumilii mvua. Likianguka vibaya, likivimba, likitoa harufu tamu ya kemikali, toa nje, usilichaji tena.

Na kwa dharura, ubaya ni kusahau. Boksi linakaa kabatini mwaka, linajinyonya polepole, siku ya giza unalibonyeza halijibu. Lihifadhi kwenye asilimia 60 mpaka 80, kila baada ya miezi 3 lichomoe kabatini, ulitumie, ulijaze. Ukisikia dhoruba inakuja lijaze kabisa. LFP inataka pia ujaze mpaka 100 mara moja moja, volti zake hazibadiliki sana katikati kwa hiyo kioo kinapoteza hesabu, unaona 30 ghafla inakuwa 8.

Sisi tulijaribu yetu jioni moja umeme ukiwepo, nikazima meni swichi saa 1 kasoro na nikawaambia wote kuwa mpaka asubuhi hamna kuwasha. Dakika 10 za mwanzo tu tuligundua plagi ya feni haiingii kwenye soketi za boksi, umbo tofauti, na adapta ya kubadilishia iko kwenye droo ambayo hakuna aliyekumbuka. Tulipoipata, feni kasi ya 3 kioo kikasoma wati 52, kasi ya 1 ikasoma 24. Kwa 52 tusingeiona asubuhi, kwa 24 pamoja na ruta na balbu mbili za mwanzo wa usiku tuliamka boksi linasoma asilimia 19. Sasa hivi ile adapta imefungwa na uzi kwenye mshikio wa boksi, na kwenye kitasa cha feni kuna alama ya kalamu nyekundu pale kwenye 1.